Taa ya Pikipiki ya Safari

Katekista mmoja wa upande wa Nachingwea alikuwa na pikipiki kubwa ya safari. Haikuwa kama hizi nyepesi zichukuazo abiria, ambazo watoto wote wamekwisha kuzizoea. Ilikuwa mashine nzito, yenye taa mbili za duara mbele, kioo cha kukinga upepo, na masanduku matatu, mawili pembeni na moja nyuma. Bruda mmoja aliileta kwa meli kutoka Ujerumani, naye alipokuwa mzee na kurudi kwao alimwachia katekista, ili apate kuzungukia vigango. Vigango hivyo vilikuwa vingi, vingine karibu, vingine mbali upande wa kaskazini, katika wilaya ya Ruangwa. Mtu aendaye huko hupita kati ya mikorosho, na mashamba ya ufuta na mbaazi, na vijiji ambavyo watu wake hutembea njiani mpaka usiku.

Katekista alikuwa mtu mwangalifu. Kila Jumamosi alipima upepo wa tairi, akatazama mafuta ya injini, akaufuta mnyororo kwa kitambaa. Taa peke yake hakuzishughulikia kamwe, kwa kuwa ziliwaka, naye alidhani kwamba taa iwakayo haina kasoro.

Nchi ya Nachingwea na Ruangwa iko karibu digrii 10 kusini ya Ikweta, na katika nchi zilizo karibu na Ikweta giza halikawii. Mwezi wa Juni jua huchwa saa kumi na mbili na dakika chache, na ikifika saa moja ni usiku kamili. Mtu aliyechelewa kidogo tu kuondoka kigangoni hulazimika kuwasha taa. Tena mwezi huo ndio majira ya kuvuna ufuta, na wakulima wengi hupeleka magunia yao kwenye ghala la chama cha ushirika kwa baiskeli.

Usiku mmoja wa majira hayo katekista alikuwa akirudi kutoka vigango vya Ruangwa. Masanduku yalijaa vitabu vya kwaya na vyombo vya ibada, na juu ya sanduku la nyuma alikuwa amefunga gunia la mbaazi alilopewa na Wakristo wa huko. Alikwenda polepole katika njia ya vumbi, taa zake zikiwa katika mwanga wa chini, ule ambao wapanda pikipiki huuita dimu. Mbele yake akaona baiskeli inakuja. Mara baiskeli ikayumba, ikaenda kulia, ikarudi kushoto, kisha ikatoweka.

Alisimama akazima injini. Ndani ya mtaro alimkuta mzee mmoja amekaa juu ya majani, ameshika kifundo cha mkono. Baiskeli ilikuwa imelala karibu naye, na gunia lake la ufuta lilikuwa limepasuka.

“Shikamoo, mzee. Umeumia?”

“Marahaba. Mkono si kitu, utapona. Tazama ufuta.”

Mtu asiyelima ufuta hawezi kujua maana ya maneno hayo. Mahindi yakimwagika huokotwa, na karanga huokotwa. Punje ya ufuta ni ndogo kama kichwa cha sindano, nayo ikianguka katika mchanga imekwisha potea. Wale watu wawili walipiga magoti katika mwanga wa tochi, wakichota kwa viganja pale palipokuwa pamelundikana, mpaka mikono yao ikawa inachota mchanga kuliko ufuta. Katika gunia zima walipata kama nusu.

“Mzee,” akasema katekista, “sikuwasha taa kali. Taa yangu ilikuwa dimu.”

“Basi hiyo kali sitaki kuiona,” akajibu mzee. “Mimi sikuona taa, mwanangu. Niliona jua. Lilinitia kiwi machoni, nikaupoteza mtaro ambao nimepita kando yake tangu utoto wangu.”

Katekista alimpeleka nyumbani kwake, na asubuhi akamlipa thamani ya ufuta uliopotea. Mzee alipokea nusu ya fedha hizo, akamrudishia nusu, akasema kwamba mtaro nao una sehemu yake katika hatia. Lakini neno lile la jua lilimsumbua katekista njia nzima hata akafika Nachingwea.

Nyumbani kwake walikuwako watoto wawili wa dada yake, binti wa darasa la saba na nduguye mdogo wa darasa la tano. Akawaeleza habari yote, kisha akasema, “Leo jioni tutazipima taa hizi ukutani. Leteni chaki, na uzi, na ule utepe wa kupimia wa fundi cherehani.”

Kabla ya kusoma walivyofanya, yafaa msomaji ajue taa ya pikipiki ilivyo ndani yake.

Nyuma ya kioo cha mbele kuna bakuli lililopakwa rangi ya kung’aa, nalo limepindwa kwa kipimo maalumu. Katika bakuli hilo pana nukta moja iitwayo kiini. Mwanga ukiwashwa katika kiini, bakuli huurudisha wote mbele, nao huenda moja kwa moja kama mikuki iliyofungwa pamoja. Ndani ya bakuli hukaa glopu. Glopu ya pikipiki hii ilikuwa na nyuzi mbili nyembamba za madini yaitwayo tangsteni. Uzi wa kwanza uko katika kiini chenyewe, nao hutoa mwanga mkali uendao mbali. Uzi wa pili umewekwa mbele kidogo ya kiini, na chini yake kuna kijikombe cha bati. Kijikombe hicho huzuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya bakuli, hata ukalipiga sehemu ya juu tu. Na kwa kuwa uzi huu hauko katika kiini, mwanga urudishwao na sehemu ya juu huinama, huenda mbele na chini, barabarani. Huu ndio mwanga wa dimu.

Basi dimu si taa kali iliyopunguzwa nguvu, kama wengi wadhanivyo. Nguvu yake hukaribia nguvu ya ile kali. Katika glopu nyingi za namna hii uzi mkali ni wati 60 na uzi wa dimu ni wati 55. Kinachowakinga watu ni mahali mwanga unapoelekea. Ukielekea chini, mtu ajaye hupita salama. Ukiinuka kidogo, wati 55 zote humwingia machoni.

Ukiiwasha dimu mbele ya ukuta utaona mpaka, chini mwanga na juu giza, kana kwamba mtu amekata kwa kisu. Kazi yote ya kuielekeza taa ni kuuweka mpaka huo mahali pake.

Jua lilipokuwa linachwa katekista aliitoa pikipiki nje, akaielekeza kwenye ukuta wa nyumba uliopakwa chokaa, akaisimamisha juu ya stendi kubwa ya katikati. Alikuwa ameinama kupima, binti aliposema, “Mjomba, gurudumu la nyuma haligusi chini.”

Ilikuwa kweli. Stendi ya katikati huinua nyuma ya pikipiki, na nyuma ikiinuka pua huinama, na taa huinama pamoja nayo. Mtu apimaye hivyo ataiona taa yake iko chini, ataipandisha, na akiisha kuiteremsha pikipiki kwenye magurudumu yake, taa itakuwa inatazama vilele vya mikorosho. Wakaiteremsha. Katekista akapanda, akakaa kama akaavyo safarini, mikono usukanini na miguu juu ya vikanyagio. Upepo wa tairi ulikuwa umekwisha pimwa. Kazi ya kupima na kugeuza skurubu ikawa ya watoto.

Sasa ilipasa kujua kama kiwanja ni sawa, maana macho ya mtu hudanganyika. Fundi muashi jirani yao aliwaazima mpira mwembamba wa maji, ule upitishao mwanga, autumiao kwa kusawazisha misingi ya nyumba. Maji yakitulia ndani ya mpira, ncha zote mbili husimama kimo kimoja, hata kama mpira umelala chini umejipinda kama nyoka. Binti alishika ncha moja mbele ya taa mpaka maji yakalingana na katikati ya kioo. Mdogo wake akashika ncha ya pili ukutani, akatia alama ya chaki maji yalipokomea. Kutoka ardhini hata katikati ya taa palikuwa na sentimita 90. Kutoka ardhini hata alama ya ukutani palikuwa na sentimita 97. Maana yake, ardhi ya karibu na ukuta ilikuwa chini kwa sentimita 7 kuliko ile iliyokuwa chini ya pikipiki, ingawa kwa macho kiwanja kilionekana kama meza.

Wakaihamisha pikipiki upande wa mashariki wa nyumba, wakapima tena. Huko tofauti haikufika nusu sentimita, wakaridhika.

Toka kioo cha taa mpaka ukutani walipima mita 10 kamili. Kisha wakavuta uzi kupitia katikati ya gurudumu la nyuma na katikati ya gurudumu la mbele hata ukafika ukutani, wakajua mahali pikipiki inapotazama. Hapo wakapiga mstari wa kusimama, na kando yake mistari miwili mingine, mmoja kwa kila taa. Halafu wakapiga mstari wa kulala kwa kimo cha sentimita 90, sawa na taa zenyewe.

“Mpaka wa mwanga utakaa juu ya mstari huu?” akauliza mdogo.

“La. Ukikaa juu ya mstari huu mwanga utakwenda sawa bila kushuka, hata mita mia, hata mita mia mbili, daima kimo cha sentimita 90. Gari dogo likija, macho ya dereva hayako juu sana kuliko hapo, na njia ikiwa na kishimo kidogo tu mwanga utampiga. Lazima ushuke.”

Ushuke kiasi gani? Mafundi husema ushuke sehemu 1 mpaka 1 na nusu katika kila sehemu 100 za mwendo wake. Ukishuka sehemu 1, basi katika mita 10 utakuwa umeshuka sentimita 10. Na kwa kuwa taa ina kimo cha sentimita 90, mpaka wa mwanga utagusa ardhi kwenye mita 90. Ukishuka sehemu 1 na nusu, katika mita 10 utashuka sentimita 15, nao utagusa ardhi kwenye mita 60. Katekista alifikiri kidogo. Njia zake nyingi zilikuwa za vumbi na mawimbi, na huko pikipiki huinua pua na kuinamisha bila kukoma. Akachagua sentimita 15, wakapiga mstari wa pili kwenye kimo cha sentimita 75.

Lakini kuchagua mita 60 kuna gharama yake, na gharama hiyo ni mwendo. Mtu aendaye kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Mita 60 ni kama sekunde nne kwake. Akienda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde, na hizo mita 60 hazifiki sekunde tatu. Katika muda huo itampasa aone ng’ombe, atambue kwamba ni ng’ombe, akamate breki, na kusimama. Kwa hiyo mtu wa dimu ya mita 60 hana haki ya mwendo wa mchana.

Giza lilipoingia waliwasha injini, ili betri isilegee na mwanga ukafifia, wakafunika taa ya kulia kwa kipande cha boksi. Taa ya kushoto ilionyesha mpaka wake sentimita 4 tu chini ya mstari wa juu. Nyuma ya kila taa palikuwa na skurubu mbili, moja ya kupandisha na kushusha, ya pili ya kuipeleka kulia na kushoto. Binti akaitia bisibisi katika ile ya kwanza.

“Geuza nusu mzunguko tu,” akasema mjomba wake, “kisha tazama. Taa hazifanani, nyingine hushuka ukigeuza kulia, nyingine hupanda.”

Hii ilishuka. Binti aligeuza, akatazama, akahesabu, akaandika katika daftari: mizunguko miwili na nusu. Aliandika kusudi, ili wakikosea waweze kurudi walikotoka. Mpaka ukalala juu ya mstari wa chini. Wakafunika hiyo, wakafanya ile ya kulia, nayo ilikuwa mbaya kuliko mwenzake.

Katekista akafurahi, akataka kwenda kula. Ila binti alisimama akiutazama ukuta.

“Mjomba, usiku ule masanduku yalikuwa matupu?”

Katekista hakujibu. Alishuka, akaenda ndani, akarudi na vitabu vyote vya kwaya, wakajaza masanduku matatu, na juu yake wakafunga lile gunia la mbaazi. Akapanda tena. Wote watatu wakaona mpaka wa mwanga umepanda, umeupita mstari wa chini, umeupita na ule wa juu.

Jambo hili si la ajabu kwa mtu ajuaye hesabu ya pembe tatu zinazofanana. Mzigo wa pikipiki hukaa juu ya gurudumu la nyuma. Springi za nyuma zilibonyea sentimita 4 kuliko za mbele, na toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni sentimita 150. Sentimita 4 katika 150 ni sawa na karibu sentimita 27 katika mita 10. Taa iliyokuwa imeshushwa sentimita 15 ikajikuta juu kwa sentimita 12. Na kama inapanda sentimita 12 katika mita 10, katika mita 50 hupanda sentimita 60. Ziongeze kwenye kimo cha taa, sentimita 90, utapata sentimita 150. Hicho ndicho kimo cha macho ya mzee aliyekaa juu ya baiskeli.

Katekista alipoiona hesabu hiyo daftarini alinyamaza muda mrefu.

Pikipiki za safari zina dawa ya ugonjwa huu. Chini ya kiti, kwenye springi ya nyuma, pana pete yenye meno, nayo hukazwa kwa spana yenye ncha ya ndoana. Kadiri springi inavyokazwa, ndivyo nyuma inavyoinuka chini ya mzigo. Katekista alikuwa na spana hiyo katika mfuko wa vyombo, imefungwa bado katika karatasi yake ya mafuta, maana hakujua kazi yake. Wakaikaza pete meno matatu. Nyuma ikainuka, mwanga ukashuka, ingawa haukufika chini yote. Ukabaki sentimita 2 juu ya mstari wa sentimita 75, wakamalizia kwa skurubu. Kwa kuwa katekista hakusafiri kamwe bila mzigo, waliona ni heri kuziacha taa katika kipimo cha mzigo. Akienda mtupu zitaangalia chini kidogo, na hasara ya hapo ni yake peke yake, si ya mtu ajaye.

Walikuwa karibu kuzima injini, mdogo aliposema kwamba mpaka wa mwanga umepinda. Upande wa kushoto ulilala sawa, lakini kuanzia katikati kwenda kulia ulipanda mlimani.

Hilo lilikuwa kosa la tatu, nalo halikuletwa na mzigo wala skurubu. Nchi za ulimwengu zimegawanyika katika desturi ya njia. Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Msumbiji hupita kushoto, kama Uingereza. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, kama Ujerumani na Ufaransa. Watengenezaji wa taa hukikata kile kijikombe cha bati upande mmoja, ili mwanga upande kidogo ukingoni mwa barabara, ambako hutembea watu wa miguu na kusimama mabango. Katika nchi za kulia, ukingo huo uko kulia. Pikipiki ya bruda ilitengenezwa kwa njia za Ujerumani, na mwanga wake ulipanda kulia. Lakini mtu akipita kushoto, upande wake wa kulia ndiko wanakotoka wajao. Kwa hiyo, hata bila mzigo, taa zile zilikuwa zikimnyoshea mwanga usoni kila aliyekuja, miaka yote hiyo.

Skurubu haiwezi kuliponya jambo hili. Ukiigeuza taa yote kushoto, mpinda huenda nayo na barabara hubaki gizani. Ukiishusha mpaka mpinda uwe chini, hutaona zaidi ya hatua chache. Dawa ya kweli ni kupata taa zilizotengenezwa kwa nchi za kushoto, na katekista akaandika barua siku ile ile, kwa sababu pikipiki za namna hiyo huuzwa Uingereza pia. Kwa muda wa kungoja walitumia dawa ya wasafiri. Mdogo alishika kipande cha boksi chenye upana wa vidole viwili, akakipitisha polepole mbele ya kioo, juu, chini, kushoto, kulia, na binti akatazama ukutani. Mahali fulani pa kioo, boksi lilipopita, ule mlima wa kulia ulifutika, na sehemu iliyobaki haikudhurika. Wakapazungushia chaki hapo, wakabandika utepe mweusi unaostahimili joto. Mwanga ulipungua kidogo, nao wakaukubali upungufu huo. Taa mpya zilifika baada ya miezi mitatu, na glopu zake zilitiwa kwa kitambaa safi, si kwa vidole vitupu, maana mafuta ya ngozi yakikaa juu ya glopu ya namna hii huifanya ipate joto mahali pamoja na kupasuka kabla ya wakati wake.

Habari zilienea, na vijana wa pikipiki za abiria wakaanza kuja jioni na mashine zao. Pikipiki hizo ndogo nyingi hazina skurubu mbili. Zina bolti moja tu chini ya taa, nayo ikilegezwa taa huinuliwa au kuinamishwa kwa mkono. Taa iliyotikiswa na njia mbaya huitelezesha bolti hiyo kidogo kidogo, hata mwenyewe asitambue. Lakini wengine kosa lao lilikuwa jingine. Mmoja alikuwa ametia glopu kwa nguvu juu chini. Ina vijipembe vitatu, na kile kipana hakikuwa juu, hata kijikombe kikawa kinaziba upande usiopasa, na mwanga wa dimu ukaenda mbinguni. Wengine walikuwa wametoa glopu ya zamani wakatia taa nyeupe za kisasa, hizi za LED, katika bakuli lisilotengenezwa kwa ajili yake. Vijitaa vyake havikuketi mahali pa uzi, na ukutani hapakuonekana mpaka wowote, bali doa kubwa la weupe lililotapakaa kila upande. Wenyewe walizisifu sana kwa kuwa zinang’aa. Kwa taa kama hizo mistari ya chaki haifai kitu, maana kisichokuwa na mpaka hakiwezi kuwekwa mpakani. Katekista aliwaambia hivyo, baadhi wakabadili, baadhi wakacheka wakaenda zao.

Mvua za Desemba ziliifuta chaki. Binti akapigilia misumari miwili ukutani, mmoja kwa sentimita 90, mmoja kwa sentimita 75, na jiwe likazikwa mita 10 mbele yake.

Kabla ya hapo, katika mwezi wa Septemba, taa mpya zilipokuwa zimekwisha fungwa, katekista alikwenda tena vigango vya Ruangwa na masanduku yake yamejaa. Alipita kwa mzee wa ufuta saa ya jua kuchwa, akamkuta mkono umepona, akamwomba jambo ambalo mzee aliliona la kitoto: asimame na baiskeli yake njiani, karibu na mtaro ule ule, giza likiisha kuingia. Mzee akakubali, akisema kwamba safari hii hana gunia. Katekista akaenda mbali kidogo, akageuza, akawasha dimu, akaja polepole. Alipofika karibu akasimama.

“Je, mzee?”

Mzee alitazama chini kando ya gurudumu lake.

“Sasa nauona mtaro,” akasema. “Kumbe si mrefu sana.”

MASWALI. Kwa nini watoto walitumia mpira wa maji, hali kiwanja kilionekana sawa kwa macho? Taa yenye kimo cha sentimita 80 ikishuka sentimita 10 katika mita 10, mpaka wake wa mwanga utagusa ardhi umbali gani? Pikipiki ya Kongo ikiletwa Nachingwea, utaangalia nini kwanza ukutani? Pima kimo cha taa ya baiskeli au pikipiki iliyo karibu nawe, uichore pamoja na ukuta na mistari yake miwili.